Kanzu Niliyoitia Kwenye Shairi

Nakumbuka siku ya harusi ya mama yako, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unanishuka. Sikuhadithii ili ucheke. Jana ulinisomea shairi lako juu ya talaka yake, ukaniambia Alkhamisi utalisoma mtaa wa Qurum mbele za watu. Nilikusifu, kweli, maana ni zuri. Lakini tangu jana roho yangu haijatulia.

Mie wakati ule nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Uingereza na shahada yangu, najiona hakuna mfano wangu. Kule nilimsoma bibi mmoja mshairi wa zama za Malkia Victoria, ambaye hata Waingereza wenyewe hawamjui. Alikuwa binti wa kasisi, akiandika huku anamuuguza baba yake, na maisha yake yote alitoa kijitabu kimoja tu. Shairi lake zuri kabisa lilimhusu dada yake. Mume wa dada alisafiri asirudi, na dada kila jioni akimwekea sahani yake mezani. Dada alipoliona shairi limechapwa, akamfungia mlango mshairi mpaka mauti yakawatenganisha. Na mie, kwa ujinga wangu, nikaandika kwamba yule dada hakujua thamani ya ushairi. Walimu wangu wakanipa alama nzuri.

Sasa mtaani kwetu Mawaleh alikuwepo Shangazi Salma, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Mume wake alikwenda Dubai kikazi, akaoa huko, asirudi wala asimpe talaka. Hilo watu wakilijua. Wasilolijua ni kwamba kila Ijumaa asubuhi shangazi akifunga mlango wa chumba, akizipiga pasi kanzu za mumewe, akizifukiza udi, kisha akizirudisha kabatini. Nikilijua mie tu, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikimshikia chetezo.

Basi siku ya harusi wanawake wakanishika. "Si msomi wetu huyu! Ebu tusomee na sie tusikie!"

Wee, nikajifaragua! Lile shairi la yule bibi nilikwisha kulifasiri kwa Kiswahili, ila sahani niliiona haina ladha kwa watu wetu. Nikaitoa, nikatia kanzu. Kanzu inayopigwa pasi kila Ijumaa, ikafukizwa udi, ikamngoja mwenyewe. Wallahi nilijua nimeitoa wapi. Nikajidanganya kwamba hakuna atakayetambua.

Sikufika ubeti wa tatu, macho yote yakamgeukia Shangazi Salma. Mmoja akacheka, akasema, "Masikini, kumbe bado anamngoja!"  Shangazi alivaa abaya lake, akatoka, akenda kukaa garini peke yake na joto lile. Mie nikabaki nimesimama na karatasi yangu mkononi, natamani ardhi inimeze.

Siku kadhaa hakunisemesha. Mwishowe nikenda kumpigia magoti.

"Nisamehe, shangazi. Maneno yale si yangu, ya bibi wa Kizungu."

"Huyo bibi wako alisema kanzu?"

"Alisema sahani."

"Basi kanzu umeichukua kwangu."

 Nnakwambia, vitabu chungu nzima nilivyosoma havikunifaa kitu. Shangazi akasema, "Haya, nisomee kama alivyosema mwenyewe." Nikamsomea polepole, sahani ikiwa sahani. Shangazi akalia, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Zuri," akasema. "Ungenisomea mie mwanzo, sie wawili tu, ningelipenda. Pengine ningekwambia mwenyewe ukawasomee wenzio."

Alinisamehe, tena nadhani kwa moyo safi. Lakini hakuniita tena kumshikia chetezo. Ijumaa nikipita ukumbini nikisikia pasi inakwenda nyuma ya mlango, na mlango umetiwa ufunguo. Ikawa hivyo mpaka alipofariki. Ndipo nikamfahamu yule dada wa Kiingereza niliyemkosea adabu kwenye karatasi zangu, na mpaka leo nnaona haya kwa wote wawili.

Kwa hiyo, mwanangu, usisome Alkhamisi kabla hujenda Mabela kwa mama yako. Kaa naye jikoni, mzime simu zenu, umsomee yeye mwanzo, mwanzo hadi mwisho, na lile la yeye kulala na mapambo yake ya harusi chini ya mto usiliruke. Uliishi naye kwenye huzuni ile, najua, lakini mwenyewe ni yeye. Akikwambia lisome, lisome kwa sauti, na mie nitakaa mstari wa mbele nikupigie vigelegele. Akikwambia liache, likunje, wala usimnunie. Shairi utaandika jengine.

Mwenyezi Mungu akuzidishie kipaji, autie utamu ulimi wako, na akujaalie kila utakayemwandika awe radhi kukufungulia mlango.