Nani Alikuvua Jina?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila nionapo vijana wa Nairobi wakipakia gari kwa ajili ya wikendi, kama wewe leo: mablanketi, makaa, nyama ya kuchoma, na kila mmoja akisema anakwenda mashambani kupumzisha akili. Siwacheki. Hata sisi tulikwenda. Nitakueleza polepole, maana leo magoti yananiuma na sina pa kukimbilia.

Mimi na mume wangu, Joel, tulikuwa tumefiwa na mtoto wetu wa kwanza, Chebet. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Nimonia ikamchukua. Tulimzika nyumbani kwao Joel, Olenguruone, tukarudi Nairobi kwenye vyumba vyetu viwili, na kitanda chake kidogo kilikuwa bado kando ya dirisha. Hakuna kati yetu aliyethubutu kukigusa. Tukaenda kazini, tukarudi, tukala, tukalala tukipeana migongo. Miezi ikapita hivyo.

Majirani wa ploti, tuliopanga nao ua mmoja, walikuwa watu wema. Lakini wote, kama waliopatana kikaoni, waliacha kuniita Mama Chebet. Nikawa Ruth tena, kama msichana ambaye hajawahi kuzaa. Joel naye hakuniita chochote. Alikohoa kwanza, kisha akasema alilotaka kusema.

Mwenzake wa kazini alituhurumia, akatuachia nyumba yake iliyo kule Mau Narok, katikati ya mashamba ya ngano. "Nendeni mkasahau kidogo," alisema. Mama mkwe wangu alikuwa kwetu wakati huo, amekuja kutibiwa macho. Aliposikia habari hiyo akasema atakwenda nasi, kisha kesho yake aendelee kwake. Kusema kweli, sikumtaka. Nilitaka kunyamaza bila kutazamwa.

Tuliondoka asubuhi. Joel alikuwa ametoka shifti ya usiku, na nilipomwambia alale kwanza, alisema atalala tukifika. Hatukuwasha redio. Tukapita Naivasha, tukapita Gilgil, Ziwa Elementaita likang'aa upande wetu wa kushoto, wala hakuna aliyesema, "Hebu tazama." Nakuru tulinunua mkate na maziwa, tukashika njia ya Njoro, tukaanza kupanda Mau.

Huko juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyua za mashamba. Mahali fulani barabara ilipinda, sisi hatukupinda. Nilisikia magurudumu yakiingia kwenye changarawe. Mama mkwe akapiga kelele, "Joel!" Joel akashtuka, akakata usukani, na lori la viazi likatupita karibu sana, honi ikilia mpaka lilipotoweka chini ya mlima. Gari letu likasimama ukingoni mwa mtaro.

"Nimesinzia kidogo tu," Joel akasema. Jasho lilikuwa likimtoka katika baridi ile. "Twende."

"Hatuendi," mama akasema. "Zima gari, unipe funguo."

"Mama, tumebakisha kidogo."

"Nimesema nipe."

Akampa. Tukashuka. Karibu na hapo palikuwa na mama mmoja anayeuza viazi, madebe yake yamepangwa kando ya barabara. "Mathe, mko sawa?" akamuuliza mama mkwe, na bila kungoja jibu akatutandikia gunia tukalie. Mama mkwe akakaa. Kisha akanigeukia, akapigapiga gunia kwa kiganja.

"Mama Chebet, njoo ukae hapa."

Mwanangu, sikuwa nimeitwa hivyo tangu matanga. Nilihisi kama mtu amenifinya kidonda.

"Usiniite hivyo, mama," nikamwambia.

"Kwa nini? Nani alikuvua jina?"

"Mtoto hayupo."

"Najua hayupo. Ni mimi niliyemwosha. Lakini ulimzaa, au hukumzaa?"

Nilikaa pale kwenye gunia, nikalia kwa sauti, mbele ya mtu anayeuza viazi, mbele ya magari yanayopita. Mama hakuninyamazisha. Aliningoja, ndipo akasema, akimtazama mwanawe:

"Kabla yako, Joel, nilizaa msichana. Alikufa kabla hajatembea. Watu wakaniambia nisahau, nitapata mwingine. Baba yako hakumtaja hata mara moja, mpaka naye tukamzika. Tuliishi nyumba moja maisha yetu yote kama watu wanaongojea gari stendi. Leo nawaona nyinyi mnapanda mlima kutafuta mahali pa kusahau. Mtafika Mau Narok mmechoka. Hata mkienda Eldoret, mtafika mmechoka vilevile."

Joel alikuwa amesimama ametupa mgongo. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa ameinamia mkono wake, akikitazama kidole kimoja.

"Alikuwa ananishika kidole hiki nikitoka kwenda kazini," akasema. "Haachi. Mpaka nimbandue."

Hilo sikulijua. Siku zote nilidhani mwenzangu amepoa, amebaki na kazi zake tu, na yeye alinidhania hivyo hivyo. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali huoni uzito wake. Tena walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sisi wafiwa hatukuwa tumeanza, basi nani angeingia?

Joel alilala kwenye kiti cha nyuma hadi ukungu ukainuka. Mama alikaa na funguo mkononi, akaongea na yule muuza viazi juu ya mvua na mbolea. Baadaye tulifika, tukawasha moto, tukala. Asubuhi nilisikia sauti ya Joel kutoka jikoni, ya kukwaruza kidogo, ya mtu anayejaribu kitu alichokuwa amekiacha: "Mama Chebet, chumvi iko wapi?"

Usidhani tulirudi Nairobi tumepona. Tulirudi tukiwa tumechoka, na uchovu huo ulikaa nasi muda mrefu. Lakini kile kitanda tulikifungua pamoja, huyu ameshika mbao, huyu ameshika misumari, tukalia, tukampa jirani aliyekuwa mjamzito. Watoto wengine walikuja baadaye. Mama mkwe naye ameshatangulia. Mimi bado ni mtu wa kuchoka upesi, hilo sikufichi.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitaka kwenda mashambani, nenda. Hewa ya Mau ni tamu, na mwili una haki yake. Ukizidiwa na usingizi, toa funguo, si aibu. Ila kabla hujafunga mlango wa nyumba, muulize unayesafiri naye amebeba nini moyoni, nawe umwambie ulichobeba, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na huzuni ni maradhi. Na ukikutana na mfiwa, usimvue jina lake ukidhani unamhurumia. Mtajie mtoto wake. Akilia, kaa naye.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie njia mbele na aifunge hatari nyuma yako. Mahali utakapolala pasikose moto wala mtu wa kukusikiliza, na kila unayempenda adumu kinywani mwako, awe yu hai au ametangulia. Amina.