Nyuzi Ishirini na Saba

Mhandisi aliyekuwa jirani yangu Garissa alitengeneza pombe yake mwenyewe ndani ya friji. Alikuwa mgeni kutoka Ulaya, mtu wa mradi wa maji, na nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa matawi ya miiba tu. Pombe ya kununua ilikuwepo mjini, katika baa chache walikokwenda maofisa wa kutoka bara, lakini yeye hakupenda kelele za baa. Jumamosi alichemsha kimea, akakiacha kipoe, akatia hamira, akafunika kwenye ndoo nyeupe ya plastiki na kuisukuma ndoo ndani ya friji.

Mimi sikunywa. Nilikwenda kwake Jumapili alasiri kwa sababu kulikuwa na mtu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtaalamu wa maabara katika ofisi ya mifugo, mzaliwa wa milima ya Taita. Nilihamishiwa Garissa kwa barua ya mistari minne, na wenzangu katika ofisi niliyotoka walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mwanangu wa miaka minne nilimwacha kwa mama. Niliporudi likizo ya kwanza mtoto aliniamkia vizuri, akaniita anti, akaenda zake kucheza. Mama akamkemea, nikamwambia amwache. Baada ya hapo sikuwa na haraka ya kuomba likizo.

Basi Jumapili mhandisi alinionyesha mambo yake. Kwa joto la Garissa, alisema, hamira hufanya kazi kama kichaa na pombe hutoka na ladha ya vanishi. Friji nayo ikiachwa ijiendeshe huwa baridi mno, hamira ikalala. Kwa hiyo aliagiza kwao kontrola ya joto, kisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye tarakimu nyekundu usoni. Friji ilichomekwa kwenye kisanduku, kisanduku kikachomekwa ukutani. Waya mwembamba wenye ncha ya chuma ulipita kwenye mpira wa mlango hadi ndani. Ncha ikihisi joto limezidi kiwango ulichoweka, kisanduku huwasha friji, likishuka, huizima. Kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Mkataba wake ulipokwisha aliniachia vyote viwili. "Utapata cha kuchachisha," alisema, akanipa mkono, akapanda gari lililokuwa likisubiri msafara wa polisi wa kuelekea Nairobi. Jumapili mbili zilizofuata nilitembea hadi kwenye ua kabla ya kukumbuka kwamba ile nyumba haina mtu.

Niliisugua friji kwa maji moto na magadi, nikaiacha mlango wazi siku nzima juani, kisha nikaiweka jikoni kwangu. Ilikuwa safi. Sikuona sababu ya kumsimulia mtu ilikotoka.

Kila asubuhi mama mmoja aliniletea maziwa ya ngamia. Alikuwa mjane wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Maziwa yalimfikia kwa pikapu kutoka kwa jamaa zake waliochunga upande wa barabara ya Liboi. Mengine aliyauza mabichi, mengine akayagandisha kuwa susa, yaani maziwa lala ya ngamia, katika vibuyu alivyovifukiza kwa moshi wa kuni zenye harufu nzuri. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita abaayo, dada, ingawa angeweza kunizaa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na herufi ya p kwake ilikuwa b.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Asubuhi moja alikaa kwenye kizingiti changu badala ya kumimina maziwa na kuondoka.

"Abaayo, wewe ni mtu ya maabara," alisema. "Susa yangu inakufa. Naweka usiku, asubuhi ni maji juu, mabonge chini, na harufu. Watu wanarudisha."

"Ni joto, Mama. Inachacha upesi mno."

"Joto ni ya Mungu. Utafanya nini?"

Nikamwingiza jikoni, nikamwonyesha tarakimu. Zilisoma thelathini na sita, joto la jikoni siku ile, kwa kuwa friji ilikuwa wazi na haijawashwa. Nilimwambia kwamba tukiweza kuishikilia susa kwenye nyuzi ishirini na saba, usiku na mchana, itaganda polepole na kuwa laini. Alikitazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Hii nabima joto?"

"Inapima, halafu inawasha na kuzima yenyewe."

"Tutajaribu," alisema, na kesho yake akaja na kibuyu.

Tulikosea mwanzoni, na kosa lilikuwa langu. Niliiacha ncha ya waya ining'inie hewani ndani ya friji. Hewa hupoa na kupata joto upesi, kwa hiyo friji iliwaka na kuzima kila baada ya dakika chache, kompresa ikawa ya moto kama pasi, na maziwa yenyewe kibuyuni yalibaki na joto lake. Kibuyu cha kwanza kiliharibika. Mama alikimwaga nje. Siku iliyofuata nilimwomba atumie mtungi wa alumini, nikaibandika ncha ubavuni mwa mtungi kwa utepe, nikaifunika kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne ili isome maziwa, isisome hewa. Nikaongeza pia nafasi kati ya kuwaka na kuzima, ikawa nyuzi mbili badala ya nusu. Friji ikatulia. Tulipofungua mtungi baada ya siku moja na nusu, susa ilikuwa nzito, nyeupe, imeshikana.

Mama alionja kwa kidole, akafikiri.

"Nzuri," alisema. "Lakini haina moshi. Hii ni maziwa ya hosbitali."

Tukarudi kwenye vibuyu vyake. Niligundua kwamba ncha ikifungwa shingoni mwa kibuyu, chini ya kitambaa, nikiweka kisanduku kwenye ishirini na sita, maziwa hukaa pale tulipotaka. Tangu siku hiyo friji ilijaa vibuyu vinne kwa wakati mmoja, na jikoni kwangu kulinuka moshi.

Alianza kuja alasiri, baada ya sala, kuangalia. Hakukuwa na haja ya kuangalia, kisanduku kilifanya kazi bila sisi, lakini alikaa kwenye mkeka na mimi nikakaa kwenye kigoda, nikimchemshia chai ya tangawizi. Hatukuwa na maneno mengi. Aliniuliza kwa nini sina mume, nikamwambia. Aliniuliza mtoto yuko na nani, nikamwambia pia. Hakunipa ushauri. Alisema tu kwamba yeye alizaa saba na wanaoishi ni watatu, na mmoja kati ya hao yuko Wajir na hamwoni mwaka mzima. Tukanywa chai. Nilianza kutoka ofisini mapema siku za kibuyu.

Miezi mitatu ilikwenda hivyo.

Kisha mtu aliyekuwa mlinzi kwa mhandisi alikuja sokoni kununua susa, akawauliza wanawake ni nani anayeigandisha vizuri namna ile. Walipomwambia, alicheka. Akawaambia kwamba friji ile anaijua, kwamba ilikuwa friji ya pombe, na kisanduku kile chenye taa nyekundu kililetwa kwa ajili ya pombe.

Siku hiyo Mama hakuja alasiri. Alikuja kesho yake asubuhi, hana maziwa, akasimama uani. Nilimkaribisha ndani, hakusogea.

"Abaayo, nakuuliza moja tu. Friji ilikuwa na bombe?"

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria kusema hivyo.

"Ndiyo, Mama. Kabla yangu. Niliiosha."

"Ulijua siku ya kwanza?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikaa habo," alisema akionyesha mlango wa jikoni, "nakunywa chai yako, nauzia watu ya msikiti, na wewe unajua."

"Iliondoka yote, Mama. Niliisugua kwa maji moto na magadi. Hakuna kilichobaki."

"Sijauliza kama ilibaki."

Aliingia, akachukua vibuyu vyake vinne kutoka ndani ya friji, viwili huku na viwili kule, akatoka. Susa ya vibuyu vile aliimwaga mtaroni mbele ya watu sokoni, nilisikia baadaye, ili ijulikane.

Nilijua kabisa kwa nini sikusema. Sikutaka asije. Ningemwambia siku ya kwanza angesema hapana, angemimina maziwa ya asubuhi na kwenda zake, na alasiri zangu zingekuwa kama zilivyokuwa. Hilo sikuweza kumweleza mtu yeyote, na ofisini hakuna aliyeniuliza. Wenzangu wa kutoka bara walisema watu wa huku wana makuu. Niliwaacha waseme hivyo, na hilo nalo linanisumbua.

Hakuna mama mwingine aliyeniuzia maziwa. Hawakunitukana, nilipofika mbele ya vibuyu vyao walisema yamekwisha. Nilikunywa chai ya rangi. Alasiri nilirudi nyumbani, nikafungua friji tupu, nikaifunga. Niliendelea kuiacha ikiwaka, sijui kwa nini, ikishikilia nyuzi ishirini na sita juu ya rafu zisizo na kitu. Mpira wa mlango ulikuwa bado unanuka moshi. Jumapili nililala mchana kutwa ili siku iishe.

Baada ya wiki sita hivi, Mama alikuja ofisini kwangu. Aliingia mbele ya makarani wote, akakaa kwenye kiti cha wageni, akajifunga vizuri mtandio wake.

"Nilimwuliza sheikh," alisema. "Amesema chombo ikioshwa vizuri ni safi. Sheria hakuna shida."

Nikataka kujibu. Aliinua mkono.

"Mimi sikuwa na shida ya chombo. Ungeniambia, ningeenda kwa sheikh siku ya kwanza. Yeye angesema hivi hivi. Watu yangu hawatakunywa kutoka friji ile, hata ikiwa safi. Nimenunua ingine, ya mtu wa duka amehama. Nataka ile ya kubima joto. Utauza?"

"Sitauza, Mama. Ni yako."

"Basi njoo ufunge."

Nilikwenda jioni ile, mara yangu ya kwanza kufika kwake. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye ua uliofagiliwa, na mkwewe, msichana mnyamavu mwenye mimba, alinishikia tochi nyuma ya friji nikitafuta soketi. Niliigeuza swichi ya friji yenyewe hadi mwisho wa baridi ili kontrola pekee iamue. Niliwafundisha wote wawili kufunga ncha shingoni mwa kibuyu, vitufe vya kupandisha na kushusha, na kwamba stima ikikatika na kurudi wasishtuke friji isipowaka papo hapo, kisanduku husubiri dakika chache kuilinda kompresa. Mkwe alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa. Mama alinikaribisha chai, ya maziwa ya ngamia, tamu. Aliniita abaayo. Aliniuliza habari za mtoto.

Ilifanya kazi. Wanawake wengine wawili wakaanza kuleta vibuyu vyao pale, na maziwa ya asubuhi yakarudi mlangoni kwangu, ila sasa aliyaleta mkwe, aliyemimina, akasalimu, akaenda. Mama hakuwa na sababu tena ya kupita jikoni kwangu. Mimi nilikwenda kwake mara mbili, nikamkuta na wageni na kazi, tukazungumzia friji. Nilikuwa nimemsaidia kweli, na nilikuwa nimeyatoa nyumbani kwangu yote yaliyokuwa yakimleta.

Barua ya uhamisho ilikuja mwaka uliofuata. Siku moja kabla ya safari nilitembea hadi kwake kumuaga. Alikuwa ameondoka alfajiri na pikapu kwenda Liboi kwa jamaa zake, na haikujulikana atarudi lini. Mkwe alinitolea bakuli la susa, nikainywa nimesimama uani huku mtoto mchanga akilia ndani. Nikamwomba amwambie Mama kwamba nilikuja.

"Nitamwambia," alisema.

Sijui kama alimwambia. Gari langu liliondoka saa kumi na mbili asubuhi.