Kilio Kilichochelewa Koboko

Nilifunga safari ya Koboko, kwetu Uganda, ili nikamlie mama yangu, miaka mitatu baada ya kumzika. Msinicheke. Kazi yangu huko Ulaya ni opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa mwanzo hadi mwisho bila kipaza sauti. Mama alipofariki ilibaki wiki moja nisimame jukwaani kwa nafasi niliyoisubiri miaka tisa. Kwetu, binti anayetoka mbali huanza kulia tangu njia panda, nyumba zote zimsikie. Siku ya mazishi mimi nilipita kimya, skafu shingoni, natunza koo. Makofi ya watazamaji niliyapata. Mwaka huu mkataba umekwisha, simu hailii, na ule ukimya wangu umeanza kunitafuna.

Saa kumi jioni basi la Kampala liliniteremsha Arua. Mwenye nyumba ya wageni aliniuliza ninakoenda, kwa Kiswahili cha huku kwetu.

"Koboko, msibani. Mama yangu."

"Woi, pole sana! Ilikufa jana?"

Nikajifanya sikusikia.

Kesho yake nilifika Koboko mjini, penye malori ya Kongo na ya Sudan Kusini, nikachukua boda hadi njia panda ya kwetu. Nikavua skafu, nikavuta pumzi, nikalia. Lo! Mafunzo yote yalitoka siku hiyo. Sauti ilivuka mashamba ya mihogo hadi ng'ambo ya kijito.

Mjinga mimi, nilisahau jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua: kilio cha njia panda ni habari ya kifo kipya. Wanawake walitupa majembe wakaja mbio. Mbele yao alikuwa shangazi, dada wa baba, miguu mitupu, mikono kichwani.

"Nani amekufa? Sema!"

"Mama."

"Mama yako? Ile ya zamani?"

"Ndiyo, shangazi. Sikumlia."

Kabla hajajibu, jirani mmoja akapiga vigelegele. "Koo imepona! Mungu iko! Kila Jumapili sisi naomba kwa koo yako!"

Sikuelewa kitu. Shangazi akanivuta pembeni.

"Watu iliuliza kwa nini mutoto halii mama yake. Nikasema wewe iko mgonjwa ya koo. Ningesema nini?"

"Basi niache niwaambie ukweli."

"Ukisema, mimi ndiyo muongo. Wewe unarudi Ulaya. Mimi nabaki na hawa watu."

Siku ya kulia nilinyamaza, na siku ya kukiri nikanyamaza tena. Walinisindikiza kaburini wakiimba nyimbo za shukrani, wakishikana mikono na mimi. Naona aibu hadi leo.

Asubuhi ya kurudi, jirani yule alinipa chupa ya asali, nizidi kupona. Niliipakata njia nzima hadi Kampala. Nilichojifunza ni kwamba kilio hakiwekwi akiba. Ukikitoa nje ya siku yake, unawasumbua tu waliokwisha kulia.

Asali ninayo mezani, sijaifungua. Koo langu halijapata kuuma hata siku moja.