Cheti cha Siku Tano

"We Lorna, cheti cha siku tano na cha miezi kumi, si vyote karatasi tu?" Wendell Pruitt alimuuliza jirani yake juma lililopita.

Leo saa mbili asubuhi, hapa Quartzsite, Arizona, Lorna Hatchett, miaka 58, amelala chali kwenye changarawe chini ya nyumba ya magurudumu ambayo Wendell kainunua juzi. Kukagua na kutengeneza nyumba hizi ndiyo kazi yake, na Wendell anataka kujifunza.

"Eti karatasi," anamwambia Wendell akiingia ndani na kujipangusa vumbi. "Ninazo zote mbili."

Cha kwanza alikilipia dola 3,000. Siku tano katika ukumbi wa hoteli, picha ukutani na kahawa. Spana hakushika. Wiki mbili baadaye akaipitisha nyumba ya mzee Amos Teel. Gesi ikavuja, moto ukamla mikono yote miwili.

"Mpaka leo hawezi kufunga vifungo vya shati. Niliandika 'salama' kwa mkono wangu huu! Mimi naomba toba kila Jumapili. Wale walionipa cheti hawajauliza hata Amos ni nani."

Cha pili alikipata chuo cha serikali, kwa bei isiyozidi ile. Miezi kumi ya kufumua magari mabovu huku mwalimu akimfokea.

Kabla hajamaliza kusimulia, anaingia Kip Dressler, mwenye shule ya siku tano. Amemletea Wendell fomu ya kujiunga.

"Mama Lorna! Mwanafunzi wangu bora!"

"Wako nani? Haya, mwalimu, pima gesi humu."

Dressler anatoka, anapaka povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi wa gesi, anarudi. "Hakuna mapovu. Nzima kabisa. Mzee, weka sahihi."

 Lorna anaunga kipimo cha gesi kwenye bomba la jiko, anatoka kuufunga mtungi, kisha anarudi na kusubiri. Mshale unashuka. Unashuka tena.

"Bomba limetoboka chini ya sakafu," anasema. "Ulipaka sabuni mlangoni, mwizi yuko chumbani."

"Vipimo hivyo vya zamani hudanganya," Dressler anacheka.

"Mke wa Wendell analala humu, Kip!" Lorna anamgeukia Wendell. "Mwezi ujao nafungua karakana yangu. Anayetaka kazi hii aje alale kwenye changarawe na mimi miezi kumi. Fomu sina."

Wendell ameshika kalamu, macho kwenye mshale. Anaiweka juu ya fomu bila kutia sahihi, anachukua spana ya Lorna, anatoka kwenda kuuondoa mtungi.