Mafuta ya Nyanya

Jirani yetu wa chini, hapa Takoma Park, Marekani, kazi yake ni kutunza wazee, na nyanya huzipika kana kwamba nazo ni wazee wake. Huzikata katikati, huzilaza chali kwenye trei, huzinyunyizia chumvi, kisha huzitilia mafuta ya zeituni kwa kijiko cha chai, moja baada ya nyingine, akizibembeleza: "Haya mama, tulia." Chupa yenyewe alipewa zawadi na binti wa bibi mmoja anayemtunza. Haikai jikoni. Ameificha chumbani kando ya Biblia, tangu siku Jepkosgei, mpangaji mwenzake, alipoitumia kukaangia mandazi.

Jumapili ile ibada ya nyumbani ilikuwa kwake. Oveni imeshapata moto, akaenda chumbani kuichukua chupa. Alipokatiza sebuleni, mchungaji akaipokea kwa mikono miwili. "Bwana asifiwe! Dada ametuletea mafuta ya upako!" Watu kumi na wanne wakapanga foleni. Nani angemwambia mchungaji kwamba hayo ni ya nyanya? Jirani yetu alisimama akisokota aproni, akiitikia "Amina" ndogo kwa kila paji la uso. Mzee Ndirangu alirudi mara ya pili, kwa ajili ya goti. Mafuta yalipobaki kama vidole viwili, jirani yetu akakimbilia jikoni, akatoka na trei ya nyanya, akapiga magoti mbele ya mchungaji na kuiinua juu.

"Na hizi, Mchungaji," akasema, macho ameyafumba. "Ila hizi usizipake. Mimina."