Kikwembe Yenye Nilipatia Jina

Juma ya mwisho mbele ya Noeli, masomo ikiwa imefungwa, mimi mwalimu nilienda kuuzisha vikwembe mu magazini moja ya hapa Bunia. Wamama wa kwetu hawapende kununua kikwembe yenye haina jina, maana jina inasema ile yenye mwenye kuvaa anaogopa kusema. Tangu asubui nakunjua, nakunja. Mama mumoja mwenye alitoka Fataki akalowesha kidole na mate, akasugua rangi, akaenda kuangalia nguo ku jua, akarudia.

— Hii jina yake nani?

— Haina jina, mama.

— Basi unishushie ile ya juu kabisa.

Ya juu tena! Mikono iko inaniuma, patro, mwenye magazini, naye analalamika: «Sitwayene, uzisha!» Hasira ikanipanda.

— Hii ya kwanza inaitwa «Mama-mukwe, Rudia Kwako».

Akacheka mpaka akashika meza.

— Unifungie!

Wenye walikuwa nyuma yake wakanyoosha mikono. Mbele ya saa sita, yote ilikuwa imeisha.

Siku ya Noeli nikaenda kula kwa mutoto wangu mwanaume. Muke wake akafungua mulango, amevaa ile kikwembe, ingali mupya kabisa. Akapiga magoti kwa heshima yote:

— Karibu, mama-mukwe. Utakaa siku ngapi?