Siku Niliyomwita Karudi Uchi kwa Jina la Uongo

Nisameheni kwa herufi nitakazokosea na kwa mwandiko wangu unaolala upande. Nimesoma skuli ya msingi tu, naandika polepole, na mbele za watu sina mdomo kabisa. Kinachonisukuma kuandika ni harufu: marashi yaliyochanganyika na mkojo wa ng'ombe. Mjomba wangu alimpaka ng'ombe marashi ya Iddi, shingoni hadi mkiani, kwa sababu mgeni alikuwa anakuja. Nzi hawakupungua, walizidi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, kamba mkononi, na kila nilipovuta pumzi chai ya asubuhi ilinipanda kooni.

Kijijini kwetu Shumba tulifunga ng'ombe kwa kamba ndefu na kigingi. Ng'ombe hula nyasi za duara lake mpaka ziishe, kisha kigingi hung'olewa na kupigwa mahali pengine. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi na mimi, asubuhi na alasiri, pembezoni mwa bonde la mpunga, umande ukitulowesha magoti na kupe wakitupanda miguuni. Kila alipopiga kigingi bibi alitaja jina la ng'ombe, la mama yake na la bibi yake, nami nikarudia. Ndama jike hakupewa jina la kupendeza. Aliitwa jambo lililotokea nyumbani wiki aliyozaliwa, hata liwe la aibu, na hivyo ndivyo tulivyotunza habari zetu, maana daftari hatukuwa nalo. Mkubwa wa kundi aliitwa Karudi Uchi. Kabla sijazaliwa, mjomba alimchukua mtamba wa mama yangu, jike ambaye hajazaa bado, akamuuza bandarini Wesha na kwenda bara kutafuta maisha. Akarudi hana hata shati. Wiki hiyohiyo ng'ombe wa bibi akazaa jike, bibi akampa mama kufidia. Mama alimlea kwa majani aliyoyakata kwa mundu na kuyabeba kichwani, na kundi lote likatoka tumboni mwa ndama yule. Jina lile ndilo lililokuwa ushahidi pekee wa mama kwamba kundi ni lake.

Mgeni mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja wa mjini, na simu ya kurekodia, akikusanya hadithi za familia zinazofuga ili zitiwe kitabuni. Mjomba, kanzu imenyooshwa, akasema kundi ni lake, kalianzisha kwa jasho lake. "Na huyu ndiye Baraka, mama wa wote." Mama alikuwa amefika na tita la majani kichwani. Akasimama palepale, asilitue.

Jirani yetu, Mzee Shaame, akaangua kicheko. "Baraka tangu lini? Huyu si Karudi Uchi? Mwambie mgeni nani karudi!"

Mjomba akafoka, "Mzee Shaame, masikio yako yameota majani. Nenda ukalishe ng'ombe!"

Watu wakacheka. Bibi akasema taratibu, "Muulizeni mtoto. Yeye ndiye anayewafunga."

Mgeni akainama, simu karibu na mdomo wangu. "Haya mwanangu, anaitwa nani?" Mjomba akanitolea macho. Nikatazama kwato. Nikasema, "Baraka."

Mjomba akanipa peremende. Nikaila, na karaha yangu kubwa mpaka leo ni kwamba ilikuwa tamu. Mama akapita, akatua majani, akaenda zake. Bibi hakunigombeza. Siku ya tatu ng'ombe mmoja akazaa jike, na bibi akamwita Kasema Baraka.

"Bibi, jina gani hilo?" nikalia.

"Si ndilo lililotokea?"

Basi kila asubuhi nikawa naita aibu yangu kwa sauti, bonde zima likisikia.

Bibi ameshafariki na mama mgongo umemshinda. Kitabu kipo skuli, karatasi zinang'aa, mjomba yumo pichani, na watoto wanamsoma kwa sauti kama mfugaji hodari. Zamani tulikuwa masikini wa karatasi, lakini aibu ilikula nyasi hadharani na mwenyewe akaiona kila siku. Leo uongo una jalada gumu, na binamu zangu wanawapa ndama majina ya wachezaji wa mpira.

Juzi nilimwomba mama ruhusa ya kuandika haya. Akaendelea kusugua mundu kwenye jiwe.

"Andika," akasema. "Jina la mjomba wako usilitie. Litie la ng'ombe."

Nimelitia. Nanyi mnaosoma, kama kwenu kuna mnyama mwenye jina ambalo wageni hawaambiwi, niandikieni, na mniambie lilitokana na nini. Herufi zikikosewa si neno, nitasoma polepole.